Kimya Kabla ya Kuambiwa Hapatikani

4 Februari

Mdogo wangu,

Huku tupo, tunapumua, na karakana inanipa riziki. Nimepokea seti ya makochi ya mwalimu mkuu mmoja anayetaka velveti ya zambarau. Nimemwambia ataichoka kabla ya mwaka kwisha, hasikii. Mama anaendeleaje na magoti yake? Mwambie dawa ya kupaka si ya kuwekwa dirishani, aipake. Shemeji naye msalimie sana.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Sikupigii makusudi. Nyie watu wa kampuni ya simu mnasikia kila kitu, na hili sitaki wenzako walichekee kwenye chai.

Ni wifi yako. Tangu mwaka uanze, kila nikimpigia baada ya chakula cha mchana hapatikani. Asubuhi anapatikana, anacheka, ananiuliza nimekula nini. Mchana ukigeuka tu, anakuja yule mwanamke wenu mwenye sauti ya kubembeleza, ananiambia ninayempigia hapatikani kwa sasa, nijaribu tena baadaye. Najaribu baadaye. Ni yeye tena. Mwaka huu nimemsikia huyo mwanamke kuliko nilivyomsikia mke wangu.

Jioni nikimuuliza wifi yako, anasema labda mtandao. Mtandao gani unaolala kila siku mchana? Depo yao ya matunda iko barabarani, na yeye anakaa pale mlangoni kwenye mizani, anaandika uzito wa makreti. Mnara wenu nauona hata nikiwa hapa karakana. Na kuna jingine. Wiki iliyopita alirudi, nikampokea mtandio niutundike, ukanuka manukato ya kiume. Siyo yangu. Mimi nanuka gundi, unanijua.

Ombi langu ni dogo. Wewe uko kwenye mitambo yenyewe. Angalia simu yake inakuwa wapi mchana, uniandikie jina la mtaa tu. Mengine niachie mimi.

Kaka yako.


19 Februari

Kaka,

Barua yako tuliisoma wawili, mimi na chai yangu, na hakuna aliyecheka. Mama hajambo. Dawa anapaka, ila anapaka goti lisilouma, anasema lile linalouma limeshakata tamaa. Shemeji yako yuko safarini na mizigo ya watu, akirudi nitampa salamu zako.

Nianze na jibu, maana najua macho yako yanalitafuta. Hapana. Kwanza, hakuna mtu anayekaa kusikiliza simu za watu huku kwetu. Tungesikiliza saa ngapi? Pili, kazi yangu ni kuangalia minara, siyo wake za watu. Mnara ukizimika, kwenye kioo cha kompyuta yangu unageuka mwekundu, namtuma fundi. Nikichungulia simu ya mtu bila amri ya mahakama, kesho yake niko kwako najifunza kushona makochi. Na hata kama kusingekuwa na wa kunikataza, nisingechungulia.

Lakini kwa vile unateseka, nikueleze kitu. Wewe unadhani simu yako na ya wifi zimeunganishwa moja kwa moja. Siyo hivyo. Mji mzima umegawanywa vipande vipande, na kila kipande kina mnara wake. Simu yako inaongea na mnara wako, mnara unapeleka maneno kwa waya mpaka kwenye mitambo mikubwa, mitambo inayapeleka kwenye mnara ulio karibu naye. Simu ikiwa mfukoni, kimya, huwa haijalala. Inasikiliza mnara wake huku inapima na ya jirani, na mtu akihamia upande mwingine wa mji, simu inatoa taarifa: sasa niko huku.

Kwa hiyo ukimpigia, mitambo inajua upande aliopo, haijui mnara gani. Minara yote ya upande ule inamwita kwa pamoja. Simu yake ikisikia inaitika, nipo, ndipo inalia.

Sasa sikiliza vizuri. Mtu akizima simu kwa mkono wake, simu huaga. Kabla ya kioo kuwa cheusi inaupa mnara taarifa kwamba inazima. Ukimpigia wakati huo, hatusumbuki kumtafuta, yule mwanamke anakujibu hapo hapo. Lakini simu ikipotea tu, imeingia mahali ambapo mawimbi hayafiki, haikupata nafasi ya kuaga. Mitambo bado inaamini ipo. Minara inamwita, inasubiri, inamwita tena, mwisho inakata tamaa. Wewe unasikia kimya kwanza, halafu ndiyo unaambiwa hapatikani.

Badala ya kuniuliza mtaa, nijibu hili: ukimpigia mchana, yule mwanamke anadakia, au kunakuwa na kimya?

Mdogo wako.


8 Machi

Mdogo wangu,

Makochi ya zambarau yamekwisha, na mwalimu mkuu ameanza kuyachoka pale pale nilipoyashusha. Mama mwambie goti nalo lina roho, lisipopakwa litamsusia kabisa.

Kuna kimya. Nilipiga siku kadhaa mfululizo nimejifungia chooni ili kelele za cherehani zisinipoteze. Kila mara ni kimya, kirefu kiasi cha mtu kumeza mate, ndipo anakuja yule mwanamke. Kwa hiyo hazimi! Nilifurahi jioni nzima. Nilimnunulia wifi yako ndizi mbivu njiani, akanitazama kama mtu aliyeokota noti bandia.

Usiku ule nililala. Asubuhi nikaamka na swali. Kama hazimi, basi kila siku anaingia mahali ambapo mawimbi hayafiki, na anakaa humo mpaka jioni. Mahali gani hapo? Mizani iko mlangoni, juani, kila gari linapita. Mtu anayekaa mlangoni hapotei.

Halafu umeniandikia kwamba simu, hata ikiwa na mnara wake, inapima na ya jirani. Umelitaja hilo juu juu tu, kana kwamba siyo neno. Kila siku inapima majirani! Mimi nilikuwa nadhani ikishapata wa kwake imetulia.

Niambie ni mahali pa namna gani panapozuia mawimbi. Na niambie pia kwa nini ulinijibu ukiwa na utulivu ule. Mtu ambaye hajui kitu huwa anauliza. Wewe hukuniuliza hata huyo mwenye manukato anaweza kuwa nani. Wewe na wifi yako mna maongezi yenu, hilo nimelijua siku nyingi, mnacheka jikoni nikiingia mnanyamaza. Wewe ni dada yangu mimi au wake?

Kaka yako.


27 Machi

Kaka,

Mama amelipaka goti bovu kwa mara ya kwanza, akasema limemshukuru. Shemeji yako amerudi na mafua. Mimi niko zamu ndefu, mvua zimeangusha umeme na nusu ya kioo changu ni nyekundu.

Mawimbi yanazuiwa na udongo, na zege nene, na zaidi ya vyote na chuma. Hata lifti ukiifunga mlango simu inakata. Ni elimu ya shule hiyo, naweza kumpa yeyote anayeniuliza.

Kuhusu simu kupima majirani, umeondoka na nusu ya maneno. Inapima kwa sababu wewe unatembea, na ukifika mwisho wa kipande bila mwingine kuwa tayari kukupokea, maneno yanakatikia mdomoni. Lakini haihami kwa sababu tu jirani amesikika vizuri kidogo. Ingekuwa hivyo, ingeshinda inahamahama, isingeongea na mtu. Inabaki na wake mpaka wake amezidiwa kweli. Chukua hilo, kaka, ulitafune.

Mimi ni dada yako. Yeye ni wifi yangu. Kuna mambo ambayo siyo yangu kuyasema, na nikikaa kimya usidhani sina maneno. Muulize mwenyewe. Lakini muulize umekaa, siyo umesimama mlangoni huku mkono uko kiunoni. Unakumbuka lile duka la vitambaa alikokuwa anafanya kazi wifi? Ulikuwa unakwenda kukaa pale kwenye kiti cha wateja mchana kutwa, hununui hata uzi, unawakodolea macho wanaume wanaopimwa suruali, mpaka mwenye duka akamwambia wifi achague kazi au mume. Alikuchagua wewe. Usimpe tena nafasi ya kuchagua.

Mdogo wako.


14 Aprili

Mdogo wangu,

Shemeji anywe maji ya moto. Hapa mvua ni nyingi, sponji zangu zimelowa upande mmoja nimezisimamisha ukutani.

Umeniambia chuma. Sikulala na hilo neno bure. Nilifunga karakana, nikashika simu mkononi, nikatembea mji mzima nikitazama vile vijiti vya mtandao. Panapopungua nafuata, panapopotea naingia. Vilipotea kwenye ngazi za chini za benki, nikakaa pale mpaka askari akaniuliza nangoja nini. Vikapungua kwenye korido ya nyumba moja ya wageni, nikaenda mlango hadi mlango nikisikiliza, mhudumu akanipa funguo akidhani nataka chumba. Nilitoka nimeloa jasho.

Mwisho nikaenda depo. Pale mizani alikaa binti mwingine. Nikapita nyuma, vijiti vikaanza kushuka kimoja kimoja, mpaka nikasimama mbele ya mlango mkubwa wa chuma, mnene kama godoro, moshi wa baridi unatoka chini yake. Vikaisha vyote. Chumba cha baridi cha kuhifadhia matunda. Nikaingia.

Alikuwemo. Alikuwa anahesabu makreti, amevaa koti zito la kiume, na msimamizi wao amesimama pembeni yake ameshika tochi. Koti lile ndilo lenye manukato. Basi tukazungumza kidogo, mambo yakaisha.

Wifi yako ameomba kwenda kupumzika siku chache. Sikumuuliza wapi, nadhani kwao. Mimi sina wasiwasi.

Kitu kimoja tu cha kitaalamu. Sasa hivi nikimpigia, asubuhi au mchana, yule mwanamke anadakia hapo hapo, hata sijafikisha simu sikioni. Nadhani mnara umeharibika na hizi mvua. Hebu uangalie.

Kaka yako.


25 Aprili

Kaka,

Leo sina salamu nyingi. Mama yupo na anajua yote.

Mnara hauna tatizo lolote. Wifi yuko kwangu. Simu yake iko juu ya kabati langu. Aliizima mbele yangu, amekishika kitufe mpaka kioo kikawa cheusi. Iliaga. Wewe unajua maana yake, mimi ndiye niliyekufundisha, kwa hiyo usinitume kwenye minara.

Umeandika mlizungumza kidogo. Yeye ameniambia mlivyozungumza. Ulimvua lile koti mbele ya wenzake wote, ukalinusa, ukauliza ni la nani, ukalitupa juu ya maembe. Akabaki na gauni lake la mikono mifupi kwenye baridi ile. Anasema baridi haikumuumiza. Kilichomuumiza ni yule binti wa mizani kumwokotea koti huku anatazama chini.

Koti ni la depo. Makoti yenyewe ni machache, yanatundikwa kwenye misumari mlangoni, anayeingia anavaa la kwanza kulishika. Msimamizi hujipulizia manukato mengi kwa sababu mkewe naye analalamika kwamba ananuka mananasi. Basi. Huyo ndiye mwanaume wako.

Walimhamishia ndani mwezi Januari, asubuhi yuko nje anapokea mizigo, mchana mpaka jioni yuko humo. Ni kupandishwa cheo, kaka, ingawa ni friji. Alinipigia siku ile ile, amefurahi, akanilisha kiapo nisikwambie. Alisema, "Nikimwambia niko kwenye chumba kilichofungwa na wanaume, atakuja kukaa humo na blanketi." Akicheka. Kwa hiyo hakukwambia, na ukaenda vile vile.

Nami nina la kwangu. Nilikufundisha kile kimya ili utulie. Wewe umekigeuza kurunzi ya kumvizia. Sikufundishi tena kitu.

Mdogo wako.


20 Mei

Mdogo wangu,

Mama shikamoo yake umpe mkononi. Nimesikia kwa watu kwamba sasa anayempaka dawa ya magoti ni mke wangu, na anakaa anapakwa yote mawili bila ubishi. Nimemwonea wivu mama yangu mzazi. Nakuonea wivu na wewe, kwa kuwa unamwona akinywa chai. Lile kabati lako lenyewe nalionea wivu. Nakwambia hivyo ujue ugonjwa ulipofika.

Yote uliyoandika ni kweli. Kulinusa pia ni kweli. Wakati ule niliona nimeshinda, nimekamata, na nilipomtazama usoni sikuona mtu aliyekamatwa. Niliona mtu aliyechoka. Nikaendelea kusema, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza.

Nyumba ni kubwa ghafla. Kila siku napiga mara moja. Yule mwanamke anadakia. Simlaumu tena, naye ametumwa.

Kifurushi hiki ni cha wifi yako. Ni koti. Nimelishona mwenyewe kwa kitambaa kizito cha makochi ya ofisi, ndani nimetia sponji nyembamba, nimelipiga mshono wa miraba ili isikusanyike chini. Shingo ni ndefu. Asiwe anavaa makoti ya msumarini. Mwambie sina neno lingine.

Kaka yako.


5 Juni

Kaka,

Mama ameipokea shikamoo yako, akasema marahaba. Shemeji yako amepona.

Koti limefika. Wifi alilifungua mezani, akalipitisha vidole kwenye mishono. Ni kazi nzuri, hata mimi nimeiona. Halafu akaniuliza swali, na nakuletea kama lilivyo: "Amelishona kwa ajili ya baridi, au kwa ajili ya manukato?"  Jibu unalo wewe, na usinitumie mimi. Ukae nalo.

Juzi alfajiri ameondoka. Likizo yake ya depo ilikuwa imekwisha. Nilimuuliza atafikia wapi, akasema nikijua nitakwambia, kwa hiyo sikumlazimisha. Ananijua. Kwa hiyo sijui, na ni kweli sijui.

Simu haipo tena juu ya kabati. Koti alilitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wangu siku zote alizokuwa hapa, hakulivaa. Alipoondoka, msumari ulikuwa mtupu. Usinipigie kushangilia. Mtu anaweza kuchukua koti kwa sababu ni koti.

Mdogo wako.


23 Juni

Mdogo wangu,

Mvua zimekatika. Sponji zimekauka. Mwalimu mkuu ameleta yale makochi, anataka kahawia.

Swali la wifi yako nimekaa nalo. Nilianza kulishona kwa ajili ya manukato. Ningedanganya nikisema vingine. Shingo niliifanya ndefu kwa ajili hiyo. Nilipofika kwenye mikono nilimkumbuka amejikunyata kati ya yale makreti, mikono wazi, na nikaanza kushona kwa ajili ya baridi. Kwa hiyo ni vyote viwili, na mshono ulipobadilika unaonekana, ni pale begani. Yeye ana jicho la vitambaa, atakuwa ameshauona.

Sasa sikiliza. Leo mchana nilipiga, ile mara yangu moja. Nikajiandaa kudakiwa. Yule mwanamke hakusema. Kimya. Nikashusha mkasi. Kimya bado, na mimi najua kilichokuwa kinatendeka humo, minara yote ya upande huu wa mji ilikuwa inamwita mke wangu kwa pamoja, na mitambo yenu yote ilikuwa inaamini kwamba yupo. Halafu ndiyo nikaambiwa hapatikani. Sijawahi kuambiwa habari nzuri kama hiyo. Simu ameiwasha. Amerudi kazini, yuko nyuma ya ule mlango.

Na yule msimamizi yuko pembeni yake na tochi. Hilo nalo lilinijia, sikufichi, lilinijia kabla hata sijakata simu.  Nilifunga dirisha, nikachukua funguo, nikafika mpaka nje. Kutoka pale mlangoni kwangu depo inaonekana kona yake moja. Niliitazama ile kona. Nikajiambia nitapita tu kwa mbali nione kama amevaa lile koti.

Nikarudi ndani. Nikakaa kwenye kochi la mwalimu mkuu, kitu ambacho hata wateja siwaruhusu, mikono nimeikalia. Nimekaa mpaka mashine za depo zikapiga king'ora cha kutoka kazini. Sikwenda, mdogo wangu. Wala jioni sikumpigia, ingawa nilijua kwamba ingelia.

Ukiongea naye usimwambie. Akikuuliza mwenyewe kama nimekwenda depo, mwambie sijaenda.

Simu yangu nimeiweka dirishani, pale inapopata vijiti vyote.

Kaka yako.